Wanafunzi wetu wa afya wafundishwe kuuliza: ushahidi uko wapi?

Mjadala wa mafunzo ya afya nchini humu umekuwa mjadala wa pesa. Mwaka 2024 madaktari wa hospitali za umma waligoma kwa siku 56, na kiini kikubwa cha mgogoro ule kilikuwa madaktari wanagenzi: watapelekwa hospitalini lini, na watalipwa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi kama mkataba ulivyosema au 70,000 kama serikali ilivyotaka. Sina ugomvi na madai yao. Mtu hali hewa. Lakini katika kelele zote zile, redioni na barazani kwetu, sikusikia swali la pili: vijana hawa wamefundishwaje kuamua? Mgonjwa yuko kitandani, ni saa nane za usiku, daktari mkubwa hayupo. Kijana wa miaka 24 anaamua kwa kutegemea nini?

Swali hilo linatuhusu sisi watu wa Pwani zaidi ya tunavyodhani. Zamani mzazi wa Kisauni au Malindi aliyetaka mwanawe asomee shahada ya afya alikuwa akimfungia mizigo ya bara. Leo Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko hapa Tudor, na mabewa ya KMTC yametapakaa kutoka Msambweni mpaka Lamu. Wanaofunzwa huko ndio watakaotupokea sisi na wazee wetu tukifika wodini.

Mimi si daktari. Ni mwandishi ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akifuatilia habari za afya katika kaunti zetu, na nina mazoea ya kuwauliza wanafunzi wanasoma nini. Wengi huniambia wamesoma "utafiti". Ukiwabana kidogo, utafiti huo ni somo la muhula mmoja au miwili: aina za sampuli, hesabu za takwimu, na mradi mdogo wa kuandika ili ufuzu. Baada ya mtihani, daftari linafungwa. Somo la utafiti likabaki darasani, wodi ikabaki na mambo yake.

Hilo silo walilokusudia watu walioanzisha fani hii. Jina la utabibu unaozingatia ushahidi lilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada, chini ya Gordon Guyatt na wenzake. Mwaka 1996 David Sackett na wenzake wakaufafanua katika British Medical Journal, na ufafanuzi wao umesimama juu ya mafiga matatu: utafiti bora uliopo, ujuzi wa mhudumu mwenyewe, na matakwa ya mgonjwa anayetibiwa. Figa moja likitolewa, chungu kinaanguka. Wanafunzi wetu hupewa kipande cha figa la kwanza, la pili huambiwa watalipata wakizeeka kazini, na la tatu halitajwi sana.

Ili tuone hasara yake, twende Kilifi.

Kwa miaka mingi, mtoto akiletwa hospitalini ana homa kali, mikono na miguu imepoa, moyo unakwenda mbio na fahamu zinampotea, vitabu vilisema apewe maji ya dripu kwa mkupuo: mengi, upesi, ndani ya muda mfupi. Mantiki yake inaeleweka hata kwa asiyesoma. Damu haizunguki vizuri, basi ongeza maji mishipani izunguke. Hivyo ndivyo ilivyokuwa ikifanywa katika nchi tajiri, zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia, na vitabu vya kwetu vikafuata. Shida ilikuwa moja: hakuna aliyekuwa amelipima jambo hilo barabara kwa watoto wa hospitali kama zetu.

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kimekuwa Kilifi tangu mwaka 1989, bega kwa bega na hospitali. Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya kazi huko, pamoja na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania, walifanya jaribio lililoitwa FEAST. Kilifi ilikuwamo, na upande wa pili wa mpaka ilikuwamo Hospitali ya Teule kule Muheza, mkoani Tanga. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa mkupuo wa maji yenye albumini, la pili mkupuo wa maji ya chumvi, na la tatu halikupewa mkupuo, lilipewa maji ya kawaida ya pole pole. Wote walipewa matibabu mengine sawasawa.

Mnamo Januari 2011 kamati iliyokuwa ikiangalia takwimu kwa siri ilisimamisha jaribio. Matokeo yakachapishwa mwaka huo huo katika New England Journal of Medicine. Katika saa 48 za kwanza, walikufa asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa mkupuo. Yaani katika kila watoto 100 waliopewa tiba iliyoaminika, watatu zaidi walipotea.

Lakini jambo ninalotaka kila mwanafunzi wa uuguzi alijue halimo katika takwimu hizo. Miaka miwili baadaye watafiti walizichambua data zao upya wakaona kwamba watoto waliopewa mkupuo walikuwa wakionekana nafuu zaidi mwanzoni. Ndani ya saa ya kwanza dalili za mzunguko mbaya wa damu zilikuwa zimewaondoka wengi zaidi kuliko wenzao. Halafu, baadaye, wakafa zaidi.

Tafakari hilo, msomaji. Muuguzi amefungulia dripu, baada ya saa moja mikono ya mtoto imepata joto, mama anashusha pumzi, na muuguzi anakwenda zake nyumbani akijua amefanya kazi njema. Usiku, zamu ya mtu mwingine, mtoto anafariki. Kitakachoandikwa ni malaria kali. Muuguzi huyo akifanya kazi miaka 30, macho yake yatamfunza kila siku kwamba mkupuo unasaidia, na ataapa kwa hilo mbele ya wanagenzi wake, na wala hatakuwa anasema uongo. Ameona kwa macho yake. Watoto watatu katika mia hawawezi kuonekana na jicho la mtu mmoja katika wodi ambayo watoto hufa kwa sababu nyingi. Huonekana tu pale watoto wengi walipogawanywa kwa kura na kuhesabiwa.

Ndiyo maana nasema somo hili si pambo la chuo kikuu. Huwezi kumweleza mtu kwa nini uzoefu peke yake hautoshi mpaka umpe kisa kama hiki, na sisi hatuna haja ya kukiagiza ng'ambo. Baadhi ya watoto waliotufunza jambo hilo walilazwa Kilifi na Muheza.

Sasa tuugeuze mkono upande wa pili, maana hapa ndipo mafundisho ya juujuu huua. Jaribio lile liliwaacha nje watoto wenye ugonjwa wa kuhara na wale wenye utapiamlo mkali. Hawakupimwa. Mwanafunzi aliyesikia tu kwamba "utafiti wa Kilifi umeonyesha dripu ni mbaya" anaweza kesho kusimama mbele ya mtoto aliyekaushwa na kipindupindu akasita kumpa maji. Pwani tunaujua ugonjwa huo, mvua zikishuka na visima vikichafuka. Mtoto huyo anahitaji maji, na anayahitaji sasa. Kwa hiyo kufundisha ushahidi si kumkaririsha mwanafunzi matokeo. Ni kumzoesha kuuliza: waliopimwa walikuwa nani, waliachwa nani, na huyu aliye mbele yangu yumo katika lipi kati ya makundi hayo?

Na asidhani kwamba mwongozo mkubwa humaliza kazi ya kufikiri. Kitabu cha mfukoni cha Shirika la Afya Duniani kuhusu matibabu ya watoto kilitolewa upya mwaka 2013, miaka miwili baada ya matokeo ya FEAST, na bado kilikuwa kinapendekeza mkupuo. Watafiti wakalalamika hadharani. Shirika lilikuja kurekebisha mwongozo wake mwaka 2016. Wapo pia madaktari waheshimiwa waliohoji namna watoto wa FEAST walivyochaguliwa, na hoja zao zina haki ya kusomwa darasani. Mwanafunzi akiziona pande zote mbili atajua kwamba mwongozo huandikwa na binadamu, una tarehe, na tarehe hiyo ni ya kuangaliwa kabla ya kuufuata.

Kisa kimoja nilisimuliwa na msichana wa mwaka wa tatu wa uuguzi, katika hospitali ambayo sitaitaja. Aliona jambo likifanywa wodini kinyume na alivyosoma katika mwongozo wa wizara. Akamwendea muuguzi mkubwa akauliza. Jibu alilopata lilikuwa: "Umekuja kusoma ama kutufunza kazi?" Wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo, aliniambia, huwa anaandika swali katika daftari lake na kulifunga.

Ni rahisi kumlaumu muuguzi yule, nami siwezi kumtetea kwa maneno yale. Lakini nimeingia wodi za namna hiyo. Muuguzi mmoja ana wagonjwa asioweza kuwamaliza, dawa moja ipo na tatu hazipo, jamaa wa mgonjwa wanamwita kutoka kila pembe, kisha anakuja mtoto wa juzi na simu mkononi kumwambia kuwa jarida limesema hivi. Wanafunzi nao wana adabu yao ya kujifunza. Kuna tofauti kati ya "hivi si sawa" na "Sista, naomba unifunze, kitabu kilisema vingine, je, hapa tunafanya hivi kwa sababu gani?" Sisi Waswahili tulilelewa kumuuliza mkubwa bila ya kumvunjia heshima, na lugha yetu ina kila neno la kufanyia kazi hiyo. Kinachokosekana ni mhadhiri wa kumwambia mwanafunzi kwamba kuuliza hivyo ni sehemu ya masomo, na wa kumwambia muuguzi wa wodi kwamba atathaminiwa kwa kujibu.

Hapa sisemi kwa hisia tu, maana hata ufundishaji wenyewe umepimwa. Mwaka 2004 Arri Coomarasamy na Khalid Khan walikusanya tafiti 23 kuhusu mafunzo ya utabibu wa ushahidi kwa madaktari waliokwisha kufuzu, wakazichapisha katika British Medical Journal. Mafunzo ya darasani peke yake yaliongeza maarifa, basi. Hayakubadilisha ustadi wala mwenendo. Mafunzo yaliyochanganywa na kazi ya wodini, penye mgonjwa halisi na swali halisi, ndiyo yaliyogusa vyote: maarifa, ustadi, msimamo na mwenendo. Miaka kumi baadaye Taryn Young wa Afrika Kusini na wenzake wakayapitia mapitio mengine mengi, safari hii yakiwamo ya wanafunzi wa shahada ya kwanza, wakaelekea upande huo huo.

Na kwa kuwa tunahubiri ushahidi, tuwe wakweli juu ya huu. Nyingi ya tafiti hizo zilipima anachojua mwanafunzi na anachosema atafanya. Chache mno zilifuata mpaka kwa mgonjwa kuona kama alipona zaidi. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ukibadilisha mtaala wa Kilifi leo, vifo vitapungua kesho. Ninachoweza kusema ni kwamba njia tunayoipendelea zaidi, ya muhula mmoja wa takwimu na mtihani, ndiyo iliyoonyesha matunda haba.

Tatizo jingine ni namba zenyewe. Chukua jaribio la AQUAMAT lililochapishwa katika Lancet mwaka 2010, ambalo nalo Kilifi na Muheza zilishiriki. Watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika walipewa ama kwinini, dawa tuliyokuwa nayo tangu enzi za mababu, ama dawa mpya ya atesuneti. Kwa kwinini walikufa asilimia 10.9, kwa atesuneti asilimia 8.5. Unaweza kuyasema matokeo hayo kwa njia mbili. Ukisema vifo vimepungua kwa asilimia 22.5, ni kweli. Ukisema kwamba katika watoto 100 waliokolewa wawili na kitu, ni kweli vile vile. Kwa malaria kali, ambayo huua watoto wengi, hao wawili ni jambo kubwa na sindano ya kwinini ilistahili kustaafu.

Lakini kesho anakuja muuza dawa wa kampuni, amevaa tai, ana kijitabu kinachong'aa, anasema dawa yake "inapunguza hatari kwa asilimia 50". Nusu ya nini? Ikiwa hatari ilikuwa watu wawili katika elfu na sasa ni mmoja, hiyo nayo ni asilimia 50, na mgonjwa wa Likoni atauza mbuzi kununua dawa hiyo kwa mwaka mzima. Mwanafunzi ambaye hakufunzwa kuuliza "nusu ya nini?" atamwandikia. Hesabu yenyewe haihitaji kompyuta. Inahitaji kuirudia na wagonjwa wa kweli mpaka iwe mazoea, kama anavyorudia kutafuta mshipa.

Kuna swali ambalo wanafunzi wa Pwani wana haki ya kuliuliza kwa sauti kuliko wengine: ushahidi wa wapi? Katika wilaya moja ya Nepal, jaribio lililochapishwa mwaka 2006 lilionyesha kwamba kusafisha kitovu cha mtoto mchanga kwa dawa ya klorheksidini hupunguza vifo. Jambo likasambaa, na nchi nyingi zikaanza kuingiza dawa hiyo katika miongozo. Kisha Pemba, kisiwa cha ndugu zetu, wakalipima wenyewe kwa watoto wachanga zaidi ya 36,000, na matokeo yakatoka mwaka 2016. Tofauti ya vifo kati ya waliopakwa dawa na waliochwa kitovu kikavu na safi ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikuweza kutenganishwa na bahati. Jaribio la Zambia la mwaka huo huo nalo halikuona vifo kupungua.

Je, Nepal walidanganya? La. Mahali ambapo watoto wengi huzaliwa nyumbani katika hali isiyo safi, vitovu huoza na watoto hufa kwa hilo, dawa ina kazi kubwa ya kufanya. Mahali ambapo hatari hiyo ni ndogo, dawa haina mengi ya kuokoa. Sasa mpe kisa hicho mwanafunzi anayekwenda mafunzo ya nyanjani Ganze au Tana River, umwambie: kijiji hiki kinafanana na Nepal au na Pemba? Mama wangapi hapa hujifungulia nyumbani? Kitovu hukatwa na nini, hupakwa nini? Hapo atakwenda kuzungumza na wakunga wa kienyeji kwa kuwa anahitaji wanachokijua, tofauti na kwenda kuwahutubia. Mwanafunzi akipata swali hilo moja akakaa nalo wiki nzima, amesoma zaidi ya muhula wa slaidi.

Hapo tumefika kwenye lile figa la tatu, mgonjwa mwenyewe. Masomo yote ni kwa Kiingereza. Mtihani kwa Kiingereza. Majarida kwa Kiingereza. Kisha mwanafunzi anasimama mbele ya bibi wa Kigiriama au mama wa Kidigo ambaye anatakiwa kuamua kama atapasuliwa, na maneno yanamkauka. Nimewasikia wanaojieleza hivi: "Mama, kuna riski kidogo, lakini ni prosija ya kawaida, utasaini hapa." Mama anasaini. Hakuna aliyeamua chochote pale. Kumshirikisha mgonjwa ni kumwambia kwa lugha anayoota nayo: katika akina mama mia moja kama wewe, wakifanyiwa hivi, kiasi hiki hupona na kiasi hiki hupata shida hii, na wasipofanyiwa, mambo huwa hivi. Halafu unanyamaza, unamwacha aulize, amwite mumewe au dadake akitaka. Kiswahili kina uwezo wa kuyasema hayo yote. Vyuo vyetu havimfanyishi mwanafunzi mazoezi ya kuyasema, wala havimpimi kwayo. Kwa maoni yangu hii ndiyo aibu kubwa kuliko zote nilizotaja, kwa sababu haihitaji senti moja ya ziada kuiondoa. Wahadhiri wenyewe ni Waswahili, Wamijikenda, Wataita.

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni ya nchi tajiri, sisi hata glavu hazitoshi. Naielewa hoja hiyo, na ina ukweli, ila inasahau kwamba palipo na uhaba ndipo hasara ya kufanya kisichofaa huuma zaidi. Angalia jaribio la E-MOTIVE, lililotangazwa mwaka 2023. Kiongozi wake alikuwa yule yule Coomarasamy niliyemtaja juu, ambaye baada ya kuandika juu ya kufundisha ushahidi alikwenda kuutafuta. Hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini zilishiriki, na kina mama zaidi ya 200,000. Swali lilikuwa juu ya damu nyingi inayomtoka mama baada ya kujifungua, muuaji tunayemjua vizuri katika ukanda huu.

Kwa kawaida mkunga hukadiria kwa macho damu iliyomwagika. Hospitali zilizokuwa katika mpango mpya ziliwekewa plastiki maalum chini ya mama, yenye mfuko na alama za kipimo, na wakafundishwa kwamba damu ikifika alama fulani hatua zote zinaanza kwa pamoja: kusugua mji wa mimba, dawa za kuukaza, dawa ya kugandisha damu, dripu, na kumchunguza mama zaidi. Hakukuwa na dawa mpya hata moja. Matatizo makubwa ya kuvuja damu yalishuka kutoka asilimia 4.3 mpaka 1.6. Na takwimu iliyonishtua zaidi ni ya kugundua tu: kwa plastiki yenye alama waligunduliwa asilimia 93 ya waliokuwa wakivuja damu kupita kiasi, na kwa macho asilimia 51. Nusu ya kina mama wale walikuwa wakivuja damu mbele ya wahudumu waliofunzwa, na hakuna aliyeona.

Macho tena, kama Kilifi.

Nini kifanyike? Mimi ningeanza na mtihani, kwa kuwa mwanafunzi hufuata mtihani kama mvuvi anavyofuata maji. Ule mtihani wa vitendo wa mwaka wa mwisho uwe na kituo kimoja ambapo mwanafunzi anapewa mgonjwa, anapewa ukurasa mmoja wa utafiti, na anatakiwa kusema kama unamhusu mgonjwa huyo na kwa nini, kisha amweleze mgonjwa kwa Kiswahili. Siku kituo hicho kitakapotangazwa, mafundisho yatabadilika bila ya warsha wala posho.

Wodini, kila wiki swali moja. Mwanafunzi analileta, wanalitafuta pamoja na muuguzi au daktari wa zamu, jibu linabandikwa ukutani na tarehe yake. Muuguzi anayeongoza zoezi hilo ahesabiwe kuwa mwalimu, jina lake liandikwe na chuo, na lihesabike anapoomba kupandishwa cheo. Majarida yapo: tangu mwaka 2002 mpango wa HINARI wa Shirika la Afya Duniani umekuwa ukizifungulia taasisi za nchi kama yetu maelfu ya majarida, bure au kwa ada ndogo, na miongozo ya wizara hupakuliwa bila malipo. Lakini kadi ya kuingilia ikikaa katika maktaba ya chuo, na wodi iko umbali wa matatu mbili, mwanafunzi atatumia bando lake mwenyewe, nalo likiisha atauliza rafiki kwenye WhatsApp.

Hapo ndipo kaunti zinapoingia, kwa kuwa hospitali ni zao na vyuo ni vya serikali kuu, na kati ya hawa wawili mwanafunzi huwa mtoto wa kambo. Bajeti za afya za Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita Taveta huletwa kwa wananchi kutoa maoni kila mwaka, na katika vikao nilivyohudhuria tumezoea kuuliza juu ya ambulensi na majengo. Mwaka huu aulize mtu kama wodi ya watoto na ile ya uzazi zina mtandao ambao mwanafunzi anaruhusiwa kuutumia, na kama zile plastiki zenye alama zimo katika orodha ya ununuzi. Mstari huo ukikosekana, uandikwe kwa mkono pale pale kikaoni, na karani aombwe kusoma alichoandika kabla watu hawajatoka.